Mtu wa Kumi na Mbili

Mbusa huchora, mimi hujaza viputo.
Ndivyo tulivyogawana kazi tangu shule:
yeye kalamu ya wino na kiburi,
mimi rula, kifutio na tahajia.

Ukurasa wa kwanza: Kilembe, usiku,
mto Nyamwamba unaburura mawe
kama mtu aliyefukuzwa anayehama na vyungu vyake.
Wa pili: Kyakimwa, shujaa wetu, miaka kumi na minne,
taa ya kabaidi kiunoni,
anakusanya sketi ya shule, anapita chini ya seng'enge.
Wa tatu ni kinywa cha mgodi.
Na huko ndani, fremu moja inayomeza ukurasa mzima,
wachimbaji kumi na mmoja wasio na macho
wanagonga mwamba. NGO. NGO. NGO.
Mlio huo niliuandika mimi, kwa brashi nene,
nikajisifu.

Kumi na mmoja.
Niliwahesabu kabla hatujapanda basi la Kampala.

Barabara ya Nasser, mtambo ulitema nakala mia tatu
kati ya kalenda za kanisa na kadi za harusi.
Fundi Ssemwanga, wino hadi kwenye viwiko,
alipiga pini ya mwisho, akainua nakala kwenye mwanga:
"Huyu wa pembeni, mbona hana la kusema?"

Wa pembeni.
Mgongo umepinda kidogo, taa mkononi,
na juu ya kichwa chake kiputo cheupe, kitupu,
kama sahani iliyooshwa ikasahauliwa juani.

Mbusa akaapa hakumchora. Akaapa kwa kaburi la baba,
kisha akakumbuka hatuna kaburi la kuapia.
Alishuka kutafuta nyaya za shaba, mgodi ukiwa umeshafungwa,
na mlima haukutoa risiti.

Tulirudi Kasese na maboksi mapajani, bila kusemezana.
Usiku nikafungua moja baada ya nyingine.
Katika nakala ya tano amesimama ukutani.
Ya arobaini, amegeuka nusu.
Katika ya mia na kumi amempita Kyakimwa,
naye Kyakimwa, niliyempa ujasiri wote nilioukosa,
amefumba macho.
Nikanusa karatasi. Haikunuka wino.
Ilinuka shaba iliyolowa.

Mama aliamka kutafuta maji.
Katuni kwake ni kazi ya watu wasio na shamba.
Aliishika ile nakala, akaisogeza kwenye koroboi, akakawia.
"Taa," akasema, "ameishika kwa mkono wa kushoto."
Akaketi sakafuni, miguu mbele, kama msichana.

Nilidhani atalia. Nilidhani ataita mchungaji.
Aliomba kalamu.
Kwa mwandiko ule ule wa madeni ya duka,
herufi zikimwagika nje ya mstari, akaandika:
UMECHELEWA. UGALI UMEPOA.

"Mama, hicho ni kiputo chake. Ndiye anayesema."
"Najua. Miaka yote ile ni mimi niliyemsemea."

Nje, mto ulishika pumzi.
Mtu alifuta miguu mlangoni, mara mbili,
kwa adabu ya mtu anayejua nani alipiga deki.
Hakuna aliyesimama kufungua.
Hakuna aliyetia komeo.

Asubuhi bakuli lilikuwa jeupe,
chumvi ya Katwe imemwagika mezani,
na kwenye ukingo, alama ya kidole gumba, kijani ya kutu.
Nakala zote mia tatu zilirudi kuwa na kumi na mmoja.
Mbusa akacheka, akaanza kupiga hesabu ya bei.

Lakini mimi ndiye ninayekagua viputo.
Wale kumi na mmoja wameacha kugonga.
Nyundo chini, nyuso zimetuelekea,
na juu ya kila kichwa, duara jeupe.

Hatujabandika tangazo hata moja.
Tayari pale uani wamesimama wanawake,
mmoja na kanga ya msiba iliyopauka,
mwingine ameleta kalamu yake mwenyewe.

Nafungua boksi.