Kawa ya Mvuke

Ghorofa ya pili, King'orani. Feni imekufa tangu Ijumaa.
Naifunika ndege kawa.
Si ile ya ukili, ya kuzuia nzi kwenye vitumbua:
hii ni ya mvuke, ndege huivaa kiunoni
inapokaribia kuikamata kasi ya sauti,
na hewa, iliyobanwa kisha ikaachiliwa ghafla,
inapoa, inatoa jasho jeupe.

Nimeitengeneza mara kumi na moja.
Ya kwanza ilikuwa pamba.
Ya pili, gauni la bibi harusi.
Ya tano Chengo aliicheka hadi akamwaga soda kwenye kibodi:
"Hiyo ndege, au kuku aliyenyeshewa?"

Basi nikaenda kusoma kwa vilivyo karibu.
Mfuniko wa sufuria ya mbaazi, sekunde ile unapofunuliwa.
Lami ya Changamwe saa saba mchana, nyuma ya lori la mafuta,
nguzo za stima zikinengua kama zimo ndani ya maji.
Nikashuka Tudor, nikasimama ukingoni mwa hori:
ng'ambo, Mishomoroni, fundi juu ya paa anapigilia mabati.
Nyundo inashuka, kimya.
Inapanda, kimya.
Ndipo *ngo!* inanifikia,
mgeni aliyekuta mkeka umeshakunjwa.

Nikahesabu. Hesabu ile nikaitia ndani ya mchezo.
Sasa ndege hutangulia, bubu kama picha ya ukutani,
kishindo kinafuata, viwili vilivyoshikana, du-dum.
Nyuma ya mkia nimetunga shanga za moto,
chungwa pembezoni, buluu moyoni,
kila ushanga mdogo kuliko uliotangulia,
kwa kuwa hata moto ukisukumwa mno hujipanga.

Tajiri ameandika kutoka kwao: safi, ongeza mng'aro kwenye kioo cha rubani.
Nikaongeza mng'aro.

Khala Thuraya akaingia na sahani.
Ana miaka saba nasi, tangu atoke Hudaida,
na kazi yangu huwajibu majirani kwa neno moja: anachora.
Akasimama nyuma ya kiti.
Ningeizima.
Ila mkono una majivuno kunishinda mimi mwenyewe;
ukaipitisha ndege.
Kawa. Kimya. Kishindo.

Hakushtuka. Aliangalia
kama mtu anayetandaziwa kitambaa dukani
naye bei anaijua.
"Sauti umeipata," akasema. "Huja wakati yeye ameshakwenda.
Lakini huku chini," akagusa kioo kwa ncha ya kijiko,
"mbona hakuna kinachotikisika?
Vikombe hulia vyenyewe kabatini.
Chokaa hushuka kutoka darini, laini, unga uliochekechwa,
ukiiona kwenye jua la dirishani utasema ni nzuri.
Paka hayupo tena.
Na mtu, kwanza, hutazama mikono yake."

Akaweka sahani, akaenda kuswali.

Huku chini palikuwa na kijani na kahawia tu,
mraba mmoja nilioununua kwa bei ya kutupa
nikaurudia mara elfu nne.
Mapaa yasiyo na ndani. Barabara zisizotoka popote.
Kwa miezi minane sikuwahi kuinamisha kamera.

Orodha ya tajiri haina mstari wa chokaa.
Wala wa paka.
Chengo anasema, kwa kasi ile, nani ataona?
Kweli. Hakuna atakayeona.

Saa nane za usiku. Vitumbua vimekauka chini ya kawa yao.
Katika mraba mmoja kati ya elfu nne nimefungua paa moja,
nimeweka kabati, rafu ya mbao, kikombe,
ufa mdogo mdomoni.
Napitisha ndege juu yake.

Kikombe kinalia mapema, kabla ya kishindo.
Nakirudisha nyuma nusu sekunde.
Naipitisha tena.