Alama ya Kutoa

Dirisha la dawa, Mbagathi, saa nne asubuhi.
Nimeshika kadi ya presha kama tikiti ya safari nisiyoiomba,
nikasikia nyuma yangu mtu akikohoa mara mbili,
kikohozi kikavu, cha chaki.
Mgongo ukajinyoosha kabla yangu,
kama wa mtoto aliyeitwa ubaoni.

Bwana Nyabuto.
Koti lile lile, au mdogo wake koti lile.
Inatetemeka sasa mikono iliyochora duara bila bikari
likafunga pale pale lilipoanzia,
hata Muthee, mchoraji wetu wa madawati, akaguna kwa wivu.

"Mwalimu, ni mimi, Syombua. Kidato cha Nne Mashariki, themanini na tatu."
Akanitazama,
akalipita jina langu kama mtu arukaye dimbwi,
kisha macho yakatua:
"Wewe ulikuwa ukisahau alama ya kutoa."

Miaka arobaini na ushei!
Nimezika mume, nimelea watatu, nimestaafu posta,
na kumbe yupo mtu aliyeniwekea kosa langu
salama, halina hata vumbi.
Tukacheka mpaka askari wa mlangoni akatukazia macho.

Tukakaa benchini kungoja namba,
yangu sitini na nane, yake sabini na moja,
na shule ikaja yenyewe:
upepo wa saa tisa ukileta biskuti kutoka Viwandani,
harufu tu, biskuti zenyewe hatukuziona;
Bi. Rukia Shee akitugombeza kwa utamu wa Lamu,
"Hakuna vitu kubwa, wanangu, kuna vitu vikubwa,
hata njaa haivunji ngeli,"
nasi tukitoka tu mlangoni, tunarudi kwenye Sheng
kama bata majini;
Bwana D'Mello na chura mmoja kwa darasa zima,
aliyekufa, alisema, kwa ajili ya elimu yetu,
basi Kerubo akasimama akamwombea
na hakuna aliyethubutu kucheka hadi jioni;
robo mkate tukigawana wanne, kwa rula.
Achola ndiye aliyekata,
na kila siku akajichukulia kipande kidogo.
Tulidhani hajui hesabu.

"Mlikuwa wangapi?" akauliza Mwalimu.
Thelathini na wanane.
"Haya, toa."

Nikatoa. Muthee, ajali, Salgaa.
Kerubo, miaka ile ambayo ugonjwa haukutajwa kwa jina.
Wandati alikwenda Kanada asiandike tena,
sijui nimhesabu upande gani.
Achola, Februari hii, figo.
Nikashuka, nikashuka, nikafika ishirini na mmoja
nikanyamaza.
Naye alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya goti.
Hakunisahihisha.

Bi. Rukia angesema neno ni lile lile:
kutoa ni kupunguza, kutoa ni kumpa mtu.
Nilimwona Achola na rula yake.
Sikusema kitu. Foleni ya dawa si mahali pa methali.

Sitini na nane ikaitwa. Nikalipa, nikapokea chenji,
na sauti nyuma yangu ikasema, "Hesabu tena, binti,"
sijui akimwambia mimi au yule msichana wa dirishani.
Tukahesabu wote wawili, kwa hofu.
Ilipungua shilingi hamsini.

Kabla hatujaachana akaomba bahasha yangu ya vidonge,
akaandika mgongoni mwake mlinganyo,
herufi zikiyumba, alama ya usawa imenyooka kama reli.
"Fanya nyumbani. Usiangalie simu."

Bahasha iko juu ya friji.
Nimeujaribu usiku mara mbili, miwani puani,
nimepata majibu mawili.
Mahali fulani, najua, nimeisahau tena.
Wajukuu wanasema niwape, ni dakika moja tu.
Nimewakataza.
Alhamisi ana kliniki. Nitampelekea hivyo hivyo,
na robo mkate.