Nukta

Kidato cha Nne B, kipindi cha baada ya uji.
Ukungu wa Newala umeingia darasani bila ruhusa,
umekaa dawati la nyuma.
Nachora Ufaransa kwa chaki ya bluu,
Italia kwa kipande cha nyekundu.
Kitabu ni cha miaka mingi, jalada limeliwa na mchwa,
lakini takwimu hazijui kwamba zimezeeka:
Ufaransa, kila mwanamke, moja nukta tisa.
Italia, kila mwanamke, moja nukta tatu.

Andikeni. Wanaandika.
Nawaambia zamani ilikuwa kinyume.
Ufaransa ndiyo iliyotangulia kupunguza,
mababu wa mababu zao, shamba lisije likakatwa vipande,
hata wakubwa wakaingia hofu: askari watatoka wapi?
Italia wakati huo inazaa na kupakia melini,
vijana wanakwenda Amerika na masanduku ya mbao.
Leo mwenye tele ndiye mwenye haba.
Ufaransa ina posho ya mtoto, ina shule ya wenye miaka mitatu.
Italia ina bibi anayelea
na binti anayesubiri: kazi ya kudumu, nyumba, mwakani.
Naandika "mwakani" ubaoni, napigia mstari.
Sijui kwa nini nimepigia mstari.

Likunama anacheka: Mwalimu, piramidi hii imekalia kichwa.
Kweli. Tumbo juu, miguu myembamba,
kama mtungi uliopinduliwa ukauke.
Yetu naichora pembeni, imetanuka chini
kama mkeka wa korosho mwezi wa kumi na moja,
na hii hawahitaji kitabu:
wako themanini na wawili, madawati thelathini.

Ndipo Somoe Nangomwa, ambaye hajanyoosha mkono tangu Januari,
mtoto wa muuza ming'oko wa stendi,
ananyoosha.
"Mwalimu, nukta tatu ya mtoto ni ipi?
Mguu? Au kichwa?"

Darasa linavunjika. Hata mimi nacheka.
Ni wastani, Somoe, ni kugawanya tu,
wanawake kumi, watoto kumi na watatu,
hakuna anayezaa kipande.
Anaandika. Anafuta. Hajaridhika.

Mimi nina Nasra, yuko la tano.
Na nina mwingine, wa miezi saba tumboni,
aliyefungwa kanga isiyo yangu, wodi ya wazazi,
mwaka ule barabara ya Masasi ilipokatika kwa mvua.
Karani alikuwa ameshainua kalamu.
Akamtazama muuguzi, akaishusha.
Mama mkwe anahesabu: mmoja.
Siku ya sensa, kijana wa kishikwambi aliuliza kwa adabu,
nami nikajibu: mmoja.
Mama yangu, aliyezaa tisa akazika watatu,
ndiye pekee asiyeniuliza wa pili lini.
Huja na mabibo makavu kwenye mfuko wa sukari,
hukaa, huongea habari za maji kukatika,
huondoka.

Kengele. Vumbi, viatu, kelele za mpira.
Somoe amebaki, anajifanya kutafuta kalamu.
"Mama husema wangetosha wanne," ananiambia.
"Husema akicheka.
Mimi ni wa saba."

Kitabu hakina sura ya jambo hili.
Nimefundisha miaka kumi na minne, na ninachopata kusema ni:
nisaidie kufuta ubao.
Anafuta vizuri, juu mpaka chini, kwa ncha za vidole vya miguu.
Ufaransa inatoka upesi.
Chaki nyekundu ni sugu. Moja imekwenda,
tatu imekwenda,
nukta bado ipo.
Anailamba kidole, anaisugua,
ananigeukia kuniuliza kwa macho
niiache au vipi.