Siku Nne Ukutani

Bafu la mama halifiki hatua tatu.
Ukinyoosha mikono, kiganja kimoja dirishani,
kingine mlangoni; ukiinama kuokota sabuni,
paji la uso linasalimiana na sinki.
Nyumba ya reli, hapa Tororo, ya matofali manene,
tuliyouziwa baba akiwa tayari na mvi,
na bafu likabaki vile vile lilivyozaliwa:
vigae vya kijani cha majani ya kunde,
tangi la choo la chuma juu kabisa, karibu na dari,
na mnyororo ambao, tangu ulipokatika,
tumeuunga kwa kamba ya kiatu.

Mama ana goti bovu. Ndiyo sababu.
Si urembo, nilimwambia fundi Okware.
Toa hilo hodhi analolipanda kama ukuta wa jela,
weka sakafu sawa, weka chuma cha kushikia.
Tukapatana pale pale, tumebanana,
yeye akitaja laki tisa kama anayetaja ugonjwa,
mimi nikisema sita kama anayeomba maji.

Jumatatu akaanza na nyundo.
Vigae vikadondoka viwili viwili,
vingine vikakataa, vikang'ang'ania kama kupe.
Vumbi likaingia hadi kwenye chungu cha mboga.
"Huyo anajenga," mama akauliza, "au anazika?"

Hodhi lilitolewa na wanaume wanne
na matusi ya lugha tatu.
Liko uani sasa. Bata wamelikubali.

Jumatano, nyuma ya kigae cha nane kutoka kona,
Okware akaniita kwa sauti ya chini,
sauti ya mtu aliyekuta nyoka, au pesa.
Kwenye lipu, kwa penseli ya seremala,
herufi zimesimama wima kama watu barazani kwa karani:
OPENDI. SIKU TISA. NIMELIPWA TANO.
Na chini yake, kwa mkono uliochoka:
bwana anasema kesho.

Kiswahili cha reli, kile kile
alichotugombezea baba,
kilichopanda huku pamoja na mataruma,
kikashuka na masanduku yake, kisirudi tena.
Bwana yupi? Mama hajui.
Walikuja wengi, anasema, kila mmoja na mbwa wake.

Okware akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Akahesabu vidole taratibu, mbele yangu:
Jumatatu, Jumanne, na leo.
Hakunikumbusha dawa ya deni ni nini.
Aliuliza tu, akikung'uta patasi,
"Dada, na kesho yako ni lini?"

Nikatoka na kandambili hadi kwa wakala wa simu,
nikatoa za siku tatu, nikaongeza ya nne
bila kujua naiongeza kwa ajili ya nani.

Mama akataka papakwe chokaa kwanza,
"tusioge na dai la mtu."
Okware akakataa. Akatoa penseli sikioni,
akaandika pembeni, kwa herufi za kulala:
OKWARE. SIKU TATU. TATU.
Ndipo akachanganya saruji,
saruji ya kiwanda chetu, kule upande wa jabali,
ile ile tuliyoipangusa mezani kila asubuhi ya utoto,
akawafunika wote wawili
kwa vigae vyeupe vya bei rahisi.

Sasa mama anaingia kwa miguu yake,
anashika chuma, anafunga mlango, hanihitaji.
Mnyororo aliuomba; umening'inia jikoni,
haufanyi kazi yoyote.
Bomba bado linakohoa kabla ya kutoa maji.
Hilo lilitushinda.

Nami nikioga usiku, mgongo ukutani,
hujikuta nasogea mbele kidogo,
kama mtu aliye kwenye foleni
anayehisi nyuma yake yupo mzee
aliyemtangulia kufika,
kwa siku nne.