Bado Kidogo

Bi Maureen aliniambia kwenye simu:
"Uje, Loishiye. Nasi tuna korongo letu."
Nikacheka kimoyomoyo, nikaazima koti la baridi.

Sasa ni Agosti, tuko Cheddar, Somerset,
na korongo lao lina lami katikati,
lina kibao cha mwendo, lina mstari mweupe,
lina duka la jibini kila hatua ishirini
na maegesho unayolipia kwa kadi.
Mvua inanyesha bila hasira,
kama mtu anayekung'uta kitambaa cha meza.

Mimi niliyezoea kuulizwa
yule ndege gani, huo mti gani, ule moshi wa nini,
leo ndiye ninayeuliza.
"Yule ndege gani?"
Bi Maureen anapepesa macho: "Ndege tu."
Nikamsamehe. Nami zamani, jina likinipotea,
nilikuwa nabuni.

Majabali nayakubali. Siyadharau.
Yamesimama wima, ya kijivu, yameota majani kwenye paji,
na juu kabisa, mahali pa kuweka kwato moja tu,
mbuzi.
Kwa mazoea nikatafuta kijana mwenye fimbo.
Hayupo.
"Wa nani hawa?"
"Hawana mwenyewe."
Mbuzi thelathini, hawana mwenyewe!
Nikiyasimulia haya Engare Sero
nitaitwa mwongo mbele ya wanangu.

Bwana Desmond yumo kwenye kiti cha magurudumu,
blanketi magotini, kofia ya sufu hadi nyusi.
Miaka kumi na saba iliyopita mguu wake ulikuwa mguu.
Tuliianza Lengai saa sita usiku, tochi vichwani,
majivu yakituponyoka chini kama mahindi yaliyopukuchuliwa,
hatua mbili mbele, moja na nusu nyuma,
naye akiuliza kila baada ya jiwe,
"Bado sana?"
nami nikijibu tunavyojibu sote tulao kwa kazi hii,
"Bado kidogo."
Saa saba, bado kidogo.
Saa tisa, bado kidogo.
Saa kumi na moja akanikamata mkono:
"Loishiye, hiyo kidogo yenu ina urefu gani?"
Kesho yake, tukiwa ndani ya maji hadi kiunoni
tukilifuata korongo kwenda kwenye maporomoko,
alikuwa bado anaicheka.

Asubuhi ya leo, jikoni, Bi Maureen alinionya
huku akipaka mkate siagi
mpaka siagi ikawa nene kuliko mkate:
"Mlima ameusahau. Binti yetu humwita dada.
Usihuzunike asipokujua."
Hakunijua. Alinipa mkono kwa adabu,
kama anavyopewa fundi wa mabomba.

Barabara inapanda. Nasukuma.
Magari yanatupita na kuturushia maji.
Goti langu la kushoto, lililochakazwa
na kuteremsha watu wa mataifa yote,
linauliza nimelileta huku kwa nani.
Kwenye kona ya tatu pumzi ikanikata.
Nikasimama, mikono kwenye mishikio,
nikijifanya natazama mbuzi.

Ndipo Bwana Desmond, bila kugeuka,
akatoa mkono mmoja chini ya blanketi,
akaonyesha kule kona inakopotelea,
akasema, kwa lafudhi yake ileile ya kukwaruza:
"Bado kidogo."

Bi Maureen akaushika mwavuli kwa mikono miwili.

Sijui kama alikumbuka,
au neno lilijitokea lenyewe pembezoni mwa jabali,
halina mchungaji, halina kengele.
Sikumuuliza.
Nilipangusa uso; mvua ilinisaidia.
Nikakaza mikono, tukaendelea kupanda.

Huko juu, nilikuja kuona,
kuna maegesho mengine tu.
Tulikaa hapo nusu saa.
Alikula biskuti tatu.