Nyumba ya Majivu

Julai, Isanga, baridi inang'ata masikio.
Gwamaka amechora nyumba ya Lyon uani
kwa majivu ya jikoni, akipima na kamba ya kuanikia nguo:
mita za mraba hamsini na nane,
ghorofa ya nne, lifti hakuna.

Mama mkwe anaingia kwa kupita ukutani,
anauliza mkungu wa ndizi utalala wapi.

Kule, tumeambiwa, shule hufuata nyumba.
Mtaa unaolala ndio unaokuchagulia dawati.
Basi tunahesabu: chumba karibu na kazi yake,
au kilimani, kwenye shule inayosifiwa,
ambako kodi ya mwezi mmoja
ni ada ya Subilaga hapa, mwaka mzima, na sare, na viatu.

Mwenye nyumba anataka karatasi tatu za mshahara
ambao Gwamaka hajaanza kulipwa.
Shule inataka anwani.
Anwani tuliyo nayo ni sanduku la posta la kanisa,
na ufunguo wake anao katibu, yuko Tukuyu msibani.

Subilaga amesimama chumbani mwake,
majivu yamemganda vidoleni.
Hajauliza shule.
"Mlima Loleza utaonekana dirisha lipi?"

Baba yake akainama,
akafuta ukuta mmoja kwa kandambili,
akauchora tena, hatua moja mbele,
kisha akabaki ameshika kopo.

Jioni kuku walikatiza sebuleni.
Sikuwafukuza.