Manjano Nyuma ya Goti

Nyumba ya Bwana Vandeputte, Qurum, ghorofa ya pili,
kiyoyozi kinakoroma kama mgonjwa aliyelala chali.
Arobaini na mmoja. Nimewahesabu mara mbili,
maana watu wa bima hawamwamini aliyehesabu mara moja.

Kazi yangu ni fomu: kimo, uzito, kilichovunjika.
Mwenye kichwa cha tembo, kilo tisa na robo.
Mchezaji ndani ya duara la moto, ndimi mbili hazipo.
Safu ya "Asili" Mbelgiji ananisomea mwenyewe:
haijulikani, haijulikani, haijulikani,
kwa Kiarabu safi, kama mtu aliyekariri.

Thangavel anagongomea makasha ukumbini.
Amevua viatu mlangoni na hakuna aliyemwambia.
Misumari anaibana kwa midomo,
kwa hiyo mengi hasemi.

Wa ishirini na sita ni mwanamke.
Nyonga kaitupa upande, mkono umeshika
ua ambalo halipo.
Pua imefutika, macho yamebaki kama mawazo.
"Ukale," anasema Bwana. "Tazama uzuri wa ukale."
Thangavel anaitema misumari kiganjani.
Anasubiri Bwana ashuke ngazi.
"Si ukale. Ni kuogeshwa.
Maziwa, manjano, liwa, kila alfajiri.
Baba wa babu, na baba yake huyo."
Ananionyesha matundu miguuni pake:
hapa ilipita miti ya kumbebea
siku ya kumtembeza mitaani.

Liwa. Manjano.
Mimi ni binti wa Bi Shinuna, mzaliwa wa Wete,
aliyesinga maharusi wa Matrah mpaka vidole vikapinda.
Sisi sanamu hatuzisujudii,
lakini mwili uliosingwa naujua nikiuona:
unavyolainika pale viganja vilipozoea kupita,
na bi harusi anavyopungua kuwa wake
akawa wa wote waliomgusa.

Nikampitishia kitambaa. Nyuma ya goti,
ndani ya mkunjo wa nguo ya shaba,
pana unga kidogo, mkavu.
Kitambaa nikakirudisha mfukoni.

Bwana kaagiza alazwe kifudifudi, ndiyo salama.
Thangavel hakujibu.
Kasha alilochonga lilikuwa na kitanda cha mgongo tu,
na meli haimngoji mtu kuchonga jingine.

Nikabaki na fomu, nakala tatu, kalamu ya wino.
Asili: nikaandika haijulikani.
Mshahara wangu una watoto wawili shuleni.
Lakini kwenye kilichovunjika nikaongeza,
herufi ndogo, chini kabisa ya mstari:
ana manjano nyuma ya goti. Asifutwe.

Usiku, Al Khuwair, nakaanga vitunguu.
Mwanangu akanishika mkono, akaugeuza kwenye taa:
mbona ukucha wako wa njano, mama,
na kopo la bizari hujalifungua?